Mkadi Uliogoma Kuchanua

Juzi mjukuu wangu aliniletea ua la chungu kutoka Iyunga, kwa vijana wanaouza miche kando ya barabara kuu. Lilikuwa majani matupu, na muuzaji mwenyewe hakujua jina lake. Basi baraza likajaa wajuaji. Huyu anasema ni jamii ya mkonge, yule anasema ni nanasi la mapambo, kila mmoja anaapa kwa sura ya jani. Nikainuka nikaingia ndani, mjukuu akadhani nimeikataa zawadi yake. Ningemwelezaje, ndugu yangu, kwamba niliwahi kunyang'anywa mama kwa sababu ya watu kutazama jani?

Miaka ya hamsini Mbeya ilikuwa mji mdogo wenye baridi kubwa. Mama mzazi alifariki siku aliyonizaa, nikalelewa na bibi, mama yake baba, mwanamke wa milimani aliyenichomea viazi kwenye majivu na kunipukuchulisha mahindi hadi vidole vikaota sugu. Sikulala njaa hata siku moja, lakini bibi hakuwa mtu wa kupakata mtoto. Baba aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini, akasilimu akiwa kwenye kazi hiyo, na safari moja akarudi kutoka Iringa na mke, mwanamke wa Tanga. Alikuja na sanduku la nguo na mmea uliopandwa kwenye debe.

Wasemao mama wa kambo si mama hawakumjua wangu. Alinibana katikati ya magoti akanisuka, akanipaka mafuta ya nazi ambayo kwa baridi ile ilibidi kwanza ayayeyushe viganjani. Asubuhi nyumba ilinukia iliki na maandazi. Juni alijifunga kanga mbili juu ya sweta la baba na bado meno yakagongana, mwenyewe akijicheka.

Mmea wake ulikuwa na majani marefu, membamba, yaliyochongoka. "Mkadi huu, mwanangu," aliniambia. "Kwetu wanawali hujipamba kwa maua yake. Uchanue tu, utaona mtaa mzima utakavyonukia."

Bibi aliutazama kutoka mlangoni, wala hakusogea.

"Hii jani sisi tunapanda kwenye makaburi," akasema. "Nani ameleta kaburi kwenye nyumba ya mtoto wangu?"

Mama alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akataka kuwaita wanawake wa pwani waliokuwa mjini waje waseme ni mmea gani. Bibi akakataa, akasema watu wa kwao lazima watamtetea. Ikabaki ua lenyewe lichanue, limtetee. Mama akauhudumia ule mmea kama mgonjwa: jua likitoka anausogeza barazani, jioni anauingiza karibu na jiko, baridi ikizidi anaufunika gunia. Mimi ndiye niliyemwagilia, na majani yalinichana vidole, maana pembeni yana miiba midogomidogo. Nikamwonyesha bibi damu, nikamwuliza kama lile la makaburini nalo lina miiba.

"Mtoto hafundishi wazee makaburi," akanijibu. Hakuligusa jani lile. Hakuna mkubwa yeyote wa kwetu aliyekubali kuligusa.

Mmea wa pwani utachanua vipi kwenye baridi ya Mbeya? Haukuchanua. Aliyekuja ni mdogo wangu wa kiume, na msimu wa baridi uliofuata kifua kikambana, akafa. Wanawake waliokuja kuhani walikaa wakilitazama debe, wengine wakatema mate. Hata arobaini haikufika, bibi akamwambia baba achague: yule mwanamke na jani lake, au mama aliyemzaa. Baba akatoa talaka.

Siku ya kuondoka mama alisimama mbele ya bibi, machozi yamekwisha.

"Mama, mimi nimemzika mwanangu hapa," akasema. "Kaburi nalijua. Ningelipanda mwenyewe barazani?"

Bibi akageuza uso. Mama akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akapanda lori. Debe likatupwa korongoni siku hiyohiyo. Sikumwona tena, wala sijui alikofia. Pale palipokuwa nyumba yetu leo wanauza simu, na watu wananiambia hata baridi ya Juni si ile. Ningependa kumpelekea habari hiyo, kwamba baridi imepungua. Kwa nani?

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa. Tukamzika kwao milimani, nikapewa miche ya jani la makaburi niipande kichwani pake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulishika. Nikapitisha kidole pembeni, juu hadi chini. Laini. Halikuwa na mwiba hata mmoja. Nikakaa palepale kwenye udongo. Baba alikuwa kando yangu na jembe.

"Baba, shika hapa," nikamwambia. "Si lile."

Hakunyoosha mkono.

"Najua, mwanangu," akasema. "Hili la makaburi nimelipanda tangu utoto. Na lile lingine mimi ndiye niliyelishusha kwenye lori. Lilinichana mikono yote."

Kisha akainama, akaendelea kufukia. Bibi nilimsamehe palepale, maana yeye hakujua.