Sare za Rabii

Wiki iliyopita daktari wa macho kule Oud Metha, hapa Dubai, kaniambia nianze kuvaa miwani ya kusomea. Arubaini nimeifika juzi tu, nikamwambia labda mashine yake mbovu. Akacheka, nami nikacheka, nikarudi nyumbani nimenuna. Jioni kifungo cha sare ya shule ya binti yangu kikakatika. Nikatafuta sindano, nikalamba ncha ya uzi, nikaulenga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wapi! Binti yangu akanipokonya, "Lete, mama," akautia mara moja. Nikabaki nimekaa na kifungo mkononi, na mawazo yashanichukua mpaka Mirdif, nyumbani kwa bibi yangu.

Mirdif ya siku zile, rafiki yangu, usiifananishe na hii ya leo. Nyumba zilikuwa za kuhesabu. Ukivuka ukuta wetu wa nyuma ni mchanga na mighafu, ile miti ya jangwani, na mbuzi wa watu huja kuchungulia jikoni wakisikia harufu ya maganda ya ndizi. Ndege za kutua zilipita chini hata ikabidi mazungumzo yangoje. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa ameletwa na maisha kutoka Unguja akiwa bado kijana, na miaka yote aliyoishi Dubai hakukubali kuitwa mgeni wala mwenyeji. "Mimi nipo," alikuwa akisema, basi.

Alichokipenda kuliko vyote hapa ni rabii, yale majuma machache baada ya baridi kabla joto halijaanza ukatili wake. Mvua zikinyesha mara mbili tatu, jangwa huota majani membamba ya kijani, na vijiua vya manjano ambavyo ukivikanyaga hunukia. Bibi hutoka uani na kikombe chake cha chai, akavuta hewa, akatangaza, "Haya, kimasika chetu kimefika." Hapo nyumba nzima ilijua kazi imeanza.

Kazi yenyewe ilikuwa sare. Kwa desturi yetu watu wa pwani sare ni ya harusi, wanawake wote wa upande mmoja wanavaa kitambaa kimoja. Bibi aliona harusi hazitoshi. Kila rabii alikwenda sokoni Deira na mama, akanunua jora zima la pamba ya maua, akatushonea sote tuvae siku ya matembezi: mimi na mama na shangazi magauni, baba na ami mashati. Ndiyo, hata wanaume maua. Ami, mdogo wake baba, aliwahi kulalamika kwamba kazini kwake Al Garhoud wakimwona watamcheka. Bibi akamwambia, "Na wewe uwaambie mamako yu hai." Ami hakurudia tena. Mabaki ya jora hayakutupwa, yalikuwa foronya na vitambaa vya kufunikia bakuli. Na kwa kuwa asubuhi za jangwani zina kibaridi, kila mmoja alifumiwa na sweta.

Cherehani yake ilikuwa ya mkono, nyeusi, imekaa mezani chini ya dirisha. Nikirudi shule, hata kiatu sijavua, nausikia mlio wake, na harufu ya bajia inatoka jikoni. Naketi kando ya bibi, naokota pini kwa sumaku, natunga uzi. Mwanzoni nilitunga sindano moja moja, kwa mchezo tu. Nilipofika miaka tisa nilikuwa natunga sindano kumi kwa mpigo, nazichomeka kwenye kimto, zimsubiri asubuhi nikiwa darasani. Kisha akaanza kuniuliza mambo. "Uzi huu mwekundu au kahawia?" "Upande upi wa juu huu?" Mimi najibu tu. Mtoto ana habari gani?

Mchana mmoja nikaliokota shati la baba ambalo bibi alilimaliza asubuhi. Kitambaa kile kilikuwa na maua ya zambarau upande wa juu, na upande wa ndani yamefifia kama yamefuliwa mara mia. Mkono mmoja wa shati ulikuwa wa zambarau. Wa pili umefifia. Na mfuko wa kifuani mdomo wake umetazama chini. Nikamwangalia bibi. Yeye alikuwa anapapasa meza, anautafuta mkasi ulio mbele yake.

"Bibi, huoni?"

Akaniwahi mkono, akanivuta karibu. "Naona ukungu tu. Jicho hili zaidi, na hili kidogo. Utapita." Halafu akashusha sauti. "Usimwambie babako. Ataniondolea cherehani. Keshasema mara moja, 'Mama pumzika, mafundi wamejaa mjini.' Nikipumzika mimi nitafanya nini hapa? Nitahesabu ndege?"

Nikamwahidi. Nikaweka na kidole mdomoni. Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa nchi yake, kwa hiyo nilijiona shujaa. Kuhusu shati sikusema kitu. Nilidhani nikimwambia atalia.

Siku hizo mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na matembezi yetu ni Alhamisi. Tuliamka alfajiri. Mama na shangazi walikuwa washapanga vyombo: katlesi, mkate wa kumimina, chupa mbili za chai ya maziwa, mishikaki imelala kwenye ukwaju tangu jana yake. Baba akatoka chumbani amevaa lile shati. Nikasema leo ndio leo. Baba akamwinamia bibi, akambusu mkono. "Mashallah mama, mikono yako isichoke." Shangazi naye, "Mwaka huu umejishinda." Ami, "Limenikaa kama nilizaliwa nalo." Nami nikajisemea kimoyomoyo kumbe watu wazima hawana macho.

Na siku ile ilikuwa nzuri, sitadanganya. Tulitandika majamvi penye majani. Mimi nilichuma vijiua mpaka vidole vikawa vya manjano. Bibi alikaa katikati na sindano zake za kufumia, mazungumzo yakizunguka yeye. Sindano zile hakuwa na haja ya kuzitazama, vidole vilihesabu vyenyewe. Ami alikuwa na kamera ya mkanda wa picha thelathini na sita, na ubahili wake! "Msicheke bure, ngojeni niseme." Niliona vitu viwili vya ajabu, nikavipuuza. Baba alishinda na funguo za gari mkononi siku nzima, hata wakati wa kula. Na shangazi, jua la saa sita linachoma, jasho linamtiririka, hakuvua sweta.

Baada ya wiki mbili ami akaleta picha. Siku hiyo alikuwapo jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati. Yeye mdomo wake haukuwa na mlango. Tumekaa ukumbini, chai na mkate wa ufuta, picha zinapita mkono kwa mkono. Jirani akaishika ile ya sote kwa pamoja, akaisogeza dirishani, akapasuka kicheko.

"Nyanya! Hawa watu wako mbona wameenda matembezi na nguo ndani nje? Na huyu mfuko wake watazama chini, ataweka nini, hewa?"

Ndege ikapita, tukaishukuru. Ilipomaliza kupita bibi akauliza, polepole, "Kweli?"

Mama akaanza kukusanya vikombe.

"Nauliza. Kweli?"

Baba akasema, "Mama, ni kidogo tu."

"Toka lini?"

Shangazi akaanza kulia. Likatoka moja, likatoka jingine. Kumbe lile gauni la shangazi halikuwa na mshono mgongoni, limeshikwa kwa pini, ndio maana ya sweta. Kumbe mwaka wa nyuma vilevile, maua ya gauni la mama yalikuwa kichwa chini miguu juu, naye akalivaa akashukuru. Walijua wote. Kila mmoja alijua na kila mmoja alinyamaza, maana kwetu mzee hakosolewi, na zawadi haitazamwi kasoro. Mama akasema, "Tuliona aibu kukwambia. Tulikusitiri."

Sikuwahi kumwona bibi ameghadhibika kabla ya siku ile. "Kunisitiri? Mmenivalia makosa yangu miaka miwili, mkaniambia mashallah! Mimi nafikiri naona, kumbe naambiwa! Nani atanambia nyumba ikiwaka moto, na nyie mna adabu hivyo?"

Nami pale pale nikatapika siri yangu: sindano, ukungu, ahadi. Baba alinitazama, akamtazama mamake. Uso wa baba sijausahau.

Kesho yake wakampeleka hospitali. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, likasafishwa, likarudi kuona. La kushoto lilikuwa na presha, nayo ilikuwa imeshalila, halioni tena. Daktari akamwambia baba kwa upole kwamba kama angeletwa mwaka mmoja kabla, wangeliokoa. Mwaka mmoja, rafiki yangu. Lile gauni la maua kichwa chini. Tungesema pale, angeona kwa macho mawili. Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye gari uani, hakushuka mpaka mama alipomfuata. Mimi nilijificha nyuma ya pazia. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba na mimi nilikuwemo.

Bibi hakutulaumu tena baada ya ile siku moja. Alitunga sheria. Alipotolewa bandeji, jambo la kwanza aliomba nguo zote za miaka ile miwili. Akazitandaza kitandani, akazipekua kwa lile jicho moja, na badala ya kulia akacheka mpaka akashika mbavu. "Loo! Na nyie mkazivaa! Mbele za watu!" Kisha akasema kuanzia leo hakuna nguo itakayovaliwa kabla mvaaji hajaikagua na kumtajia yeye bibi kasoro zake, na asiye na kasoro ya kutaja hatapewa nguo. Cherehani haikuondoka. Baba mwenyewe alimnunulia taa ya mezani.

Miaka iliyofuata ndiyo rabii ninazozikumbuka kwa raha kuliko zote. Jioni ya kuamkia matembezi tulisimama msitari ukumbini. Ami, "Kola imenikaba, mama, unataka kuniua?" Shangazi, "Kwapa linabana." Bibi, "Kwapa halibani, umenenepa wewe, lakini lete." Mama alikuwa na haya, ilibidi abembelezwe, na siku aliposema "Gauni langu limelala upande" alipigiwa vigelegele. Ami alinifundisha kupiga picha, kwa sharti la kutopoteza mkanda, kwa hiyo nikajifunza kutazama sana kabla ya kubonyeza. Jirani wa Mombasa tulianza kumpeleka matembezini, naye akawa mkaguzi mkuu, bibi hampingi.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, bibi alikata kitambaa cha mwaka ule, akashona kipande cha kwanza, akaniita. Akaninyooshea. Mshono ulikuwa umetoka njiani, ukarudi, ukatoka tena. Niliutazama kwa muda mrefu. Ulimi ulitaka kusema mashallah, wallahi ulikuwa ushalishika.

"Bibi," nikamwambia, "basi."

"Basi kabisa?"

"Basi kabisa."

Akavuta pumzi, akakiweka kitambaa mapajani, akakikunja vizuri. "Ahsante, mwanangu," akasema, na akaomba uzi wa sufu na sindano za kufumia. Mwaka ule kila mtu alivaa alichotaka. Ukiiona ile picha utadhani ni watu waliokutana njiani.

Leo pale kwetu pamejengwa nyumba za ghorofa mbili zinazofanana, kila moja na magari matatu mlangoni. Mapumziko yenyewe yamehamia Jumamosi na Jumapili. Jangwa tunakwenda, ndiyo, tunapiga picha mia kwa dakika moja na hatuzitazami tena. Nguo tunaagiza kwa simu, zinakuja zimenyooka kila upande. Kila ninachovaa watu wananiambia nimependeza, nami nawaambia wao. Hayo yote nayastahimili, maisha yanakwenda. Ninachokitamani ni ule msitari wa ukumbini, watu sita wanaopendana wanaambiana kola imepinda.

Asubuhi ile ya mwaka bila sare, kabla hatujaondoka, bibi aliketi kitandani tayari kwa safari, buibui limepigwa pasi, asumini kifuani. Akaniuliza, "Nimependeza? Sema kweli."

"Umepaka wanja jicho moja tu, bibi. La kulia."

Akatafuta kichupa cha wanja chini ya mto, akanipa. "Basi nipake."

Nikamshika kidevu. Lilikuwa jicho la kushoto, lile tulilolinyamazia. Nikapitisha wanja ukingoni, taratibu, naye hakulipepesa.

"Tayari?"

"Bado," nikamwambia. "Wanja umepinda."

Akacheka, akanipa uso wake tena.