Nane na Kufuli Jekundu

Jina la Nane alijipa mwenyewe. Alikuwa fundi wa pampu katika hospitali kubwa, mwanamke pekee kwenye karakana, siku mkanda wa pampu ya maji ulipomnasa mkono wa kushoto ukaondoka na vidole viwili. Wiki tatu baadaye, bendeji bado iko mkononi, aliitwa ofisini akasomewa ripoti ya ajali. Chanzo kiliandikwa kwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi.

"Mkanda ule haukuwa na kifuniko," alisema. "Nilikiomba mara nne."

"Dada, hayo yameshapita."

"Kwenu yamepita. Mimi nimebaki na vidole vinane. Basi niiteni Nane, ili kila mkiniita mkumbuke."

Walicheka, lakini jina likamganda. Na kwa kuwa hawakujua wamfanye nini, wakampa cheo: msimamizi wa usalama na afya kazini, kitengo cha matengenezo. Ofisi yake ilikuwa chumba kilichopakana na stoo ya rangi, chenye kiti cha kuyumba na faili la fomu ambazo hakuna aliyewahi kuzijaza. Walidhani wamemtafutia mahali pa kupumzikia.

Nane hakukaa kwenye kile kiti hata siku mbili mfululizo. Alisomea kazi yake mpya kwa mwaka mzima, kila Jumamosi. Siku nyingine alizunguka jengo lote, kuanzia kwenye matangi ya juu mpaka chumba cha boila. Alimshusha mchoraji wa kuta kwenye ngazi iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Alipiga marufuku ndala karakanani. Halafu akaleta makufuli mekundu. Kila fundi alipewa lake na ufunguo mmoja tu. Ukiingia kutengeneza mashine, unazima umeme, unafunga swichi kwa kufuli lako, unatembea na ufunguo. Mpaka utoke mwenyewe, mashine haiwaki.

Aliyempinga zaidi ni fundi mmoja wa mitambo waliyemwita Mjuaji, mtu wa miaka ishirini kazini na majibu ya kila swali.

"Shemeji," alimwambia, maana alipenda kumtania hivyo, "mimi nimezitengeneza hizi mashine kabla hujajua kushika bisibisi. Kufuli nikafunge banda la kuku."

"Funga la kuku na la mashine. Kuku wako pia wanakuhitaji mzima."

Nyumbani, mama yake mzazi alikuwa na hofu. "Mwanangu, kila siku unagombana na wakubwa. Watakufukuza."

"Wakinifukuza nitakuwa nimefukuzwa kwa kazi yangu, mama. Si kwa kulala."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Mashine kubwa ya kufulia, ile ambayo mtu mzima anaweza kuingia ndani ya pipa lake akiinama, ilikuwa imeanza kulia kama inasaga kokoto. Mjuaji aliingia ndani ya pipa asubuhi kubadilisha beringi ya nyuma. Kufuli lake aliliacha kabatini kama kawaida yake. Nane alipopita akaona swichi haina kufuli, hakubishana na mtu. Akaizima vizuri, akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, akasimama karibu.

Wakaguzi wa afya walitarajiwa saa nane. Mashuka machafu yalikuwa yamerundikana mpaka mlangoni, na meneja wa hospitali akashuka ngazi mbili mbili, tai imepinda.

"Nani kafunga hii? Fungua, iwashwe."

"Kuna mtu ndani, bosi."

"Mjuaji? Nimemwona kwenye korido sasa hivi anakunywa chai."

Kabla meneja hajashuka, Nane alikuwa amekwenda stoo mara moja kuchukua glavu. Inawezekana Mjuaji alitoka. Inawezekana pia alirudi kupitia mlango wa nyuma. Hakuthubutu kuiacha swichi akachungulie ndani ya pipa; aliita jina lake mara mbili, lakini mafeni ya kukaushia yalikuwa yananguruma na hakusikia kitu.

"Mpaka nimwone kwa macho yangu, haifunguliwi."

"Nipe ufunguo."

"Ufunguo uko mfukoni, na mfuko uko mwilini mwangu."

Wafuaji waliacha kukunja mashuka. Meneja aligeuka akamwamuru fundi umeme alete mkasi wa kukatia vyuma. Fundi umeme alikwenda kwa mwendo wa mtu anayesubiri kuitwa arudi. Hakuitwa. Alipofika na mkasi, Nane alikuwa ameegemeza mgongo kwenye swichi, ameizunguka kwa mikono yote miwili.

"Utaanza na mimi," alimwambia, bila kupaza sauti. "Halafu ripoti utaiandika wewe, kwa mkono wako."

Fundi umeme aliweka mkasi chini. Ndipo Nane akanyoosha mkono akazima mafeni. Chumba kikanyamaza. Kutoka ndani ya mashine ikasikika sauti ya Mjuaji, amekasirika:

"Jamani, nani kaondoka na spana yangu namba kumi na tisa?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mfuaji alikaa juu ya rundo la mashuka akajifunika uso. Mjuaji alitambaa akatokeza kichwa kwenye mlango wa pipa, grisi mpaka masikioni, akamwona meneja, akaona mkasi sakafuni, akaona Nane alivyoishikilia swichi. Akaelewa.

"Sasa umetoka, iwashwe," alisema meneja, sauti imepungua.

"Beringi haijakazwa," Mjuaji alijibu. Alikwenda kabatini, akarudi na kufuli lake, akalifunga pembeni ya la Nane. Kisha akaingia tena ndani ya pipa. Fundi umeme akatoa lake, akalitundika. Fundi bomba naye, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale, akapanda ghorofa mbili kufuata la kwake. Yalifika manne.

Wakaguzi walipokuja waliyakuta mashuka machafu na makufuli manne.

Alhamisi Nane alisimamishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kukaidi amri. Hakukana. "Andikeni nimekaidi," alisema. "Lakini kwanza ashuke mmoja wenu akaingize kichwa ndani ya lile pipa." Mwenyekiti, mama mtu mzima wa idara ya utumishi, alishuka kweli. Aliporudi alikuwa na grisi begani.

Onyo alilopewa halikufutwa, mpaka leo limo kwenye faili lake. Ila kanuni mpya ilibandikwa kila karakana, na sahihi ya meneja ikiwa chini: kufuli hufunguliwa na mwenyewe tu, awe nani anayeamuru. Meneja hakumsalimia Nane kwa miezi minne. Mama yake alimuuliza kama haimuumi.

"Wala. Napata muda wa kukagua paa," alijibu.

Na kweli, Jumatatu iliyofuata alikuwa huko juu, akiwateremsha wapaka rangi wawili waliopanda bila mikanda ya usalama, nao wakiteremka huku wakinung'unika.