Kichwa cha Gari Juu ya Mparachichi

Juzi nilipita mbele ya gereji moja kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, nikamsikia kijana aliyejaa grisi mpaka masikioni akitamka neno la Kifaransa, décoller, huku akigongagonga injini kuukuu. Nilisimama palepale nikacheka, hata mama muuza mihogo akaniuliza, "Papa, uko muzuri?" Niko mzuri, mama. Ni neno tu. Kaa, msomaji, nikueleze, maana neno hilo liliua gari la baba yangu, na aliyelitamka ni mimi.

Baba alikuwa mwashi. Gari lile alilinunua kwa mwalimu mmoja Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa zee tayari, jeupe kama maziwa, linanuka ngozi na petroli, na ndani yake mlikuwa na kitabu kinene cha matengenezo. Tuliliosha kuliko tulivyojiosha wenyewe. Nyanya yangu, mama yake baba, aliishi Bengamisa, na baba alikuwa amemwahidi kwamba Jumapili moja atamfuata kwa gari lake mwenyewe. Nyanya akatangaza habari hiyo Bengamisa nzima. Wiki hiyohiyo injini ikaanza kunywa maji kama mlevi anavyokunywa bia.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani kutoka Maniema, na kwa hiyo mjuzi wa kila kitu. Alisikiliza injini, akasema kichwa chake, ile culasse, lazima kitolewe. Bulo zote, zile bolti za kukifunga, zilitoka. Kichwa hakikutoka. Yeye na baba walikimwagia mafuta ya taa, kisha maji ya moto, wakakigonga kwa nyundo juu ya ubao, wakakitukana. Mama aliwaletea makemba, zile ndizi kubwa, ya kuchoma, yakapoa.

"Papa, hii gari yako iko na kichwa nguvu kuliko mukwe wangu," jirani alisema.

"Leta kitabu," baba akaniambia.

Baba hakujua Kifaransa. Mimi nilikuwa darasa la tano, na mtaa mzima uliamini kwamba ninakijua. Hata mimi niliamini. Nikafungua ukurasa, nikasoma kwa sauti: décoller la culasse. Furaha iliyoje! Kila mtoto wa kwetu alijua décoller. Ndivyo tulivyopiga kelele kila ndege ilipoacha uwanja wa Simi-Simi na kupanda mawinguni.

"Papa, kinasema kichwa kipae. Kama ndege."

"Kipae namna gani?"

"Juu. Moja kwa moja."

Mbele yake palikuwa na maneno mengine, en la faisant pivoter. Sikuyajua. Nikayaruka, kwa sababu mtoto anayewasomea watu wazima akisimama katikati ya sentensi, wanaanza kumtazama. Mstari uliofuata ulikuwa rahisi: attention aux chemises. "Na muangalie mashati," nikasema.

Baba alitikisa kichwa kwa heshima. "Wazungu iko na akili. Wanawaza mpaka mama mwenye kufula." Akavua shati, jirani naye akavua lake, wakayakunja vizuri juu ya kiti.

Kisha wakakifunga kichwa kwa kamba, wakaipitisha juu ya tawi la mparachichi wa uani. "Décollage!" jirani akapaza sauti, wakavuta. Kichwa kikang'oka kwa mlio wa mguu unaotoka matopeni, kikapaa kweli. Lakini hakikupaa peke yake. Kati ya yale mabomba manne ambamo pistoni hupanda na kushuka, mawili yalikuwa yameking'ang'ania, yananing'inia kama meno ya mzee. Maji ya injini yakamiminikia kwenye mafuta, yakawa kahawa ya maziwa.

Jirani, kifua wazi, akanigeukia. "Bon. Na kutua? Kitabu inasema nini juu ya kutua?" Kisha, polepole: "Ao mutoto alisoma mubaya?"

"Mutoto wangu anasoma vile iliandikwa," baba alisema. "Ni kitabu iko na uwongo."

Nami nikakifunga kitabu.

Jumapili ile nyanya alikaa kando ya barabara ya Bengamisa na kitenge kipya mpaka jua likazama. Jumanne akafika kwetu juu ya lori la ndizi. Akatazama mparachichi. "Mumetundika gari kama nyama ya kukausha? Nani alikufundisha?"

"Kitabu, mama."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akamwambia baba kwa sauti ndogo, "Bengamisa nitasema ulinileta wewe. Usinikatalie." Alikufa bila kulipanda gari lile.

Kitabu kiliishia kwa mama, aliyekuwa akiuza mikate ya kukaanga. Aliifungia katika kurasa zake, na mtaa mzima ukala kabureta kwa miezi.

Nilipofika sekondari nilikuta kamusi. Décoller pia ni kubandua kilichoganda. Pivoter ni kuzungusha: kichwa kizungushwe kwanza, kisivutwe juu. Na mafundi huita chemises yale mabomba yenyewe. Kitabu kilikuwa kimetuonya mara mbili katika mistari miwili. Nilirudi nyumbani nimeamua kusema, nikamkuta baba na wenzake uani. "Ndiye huyu anayetusomea barua zote," aliwaambia, akanipa barua. Nikaisoma.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa kitandani, aliniuliza, "Kile kitabu kilitudanganya, hein?"

"Ndiyo, papa."

Akaridhika, akageukia ukutani.

Gari lilikuwa nyumba ya kuku, kisha chuma chakavu, kisha hata chakavu kikaondoka. Mparachichi ulikatwa. Jirani alirudi Maniema, na cherehani yake sijui inalia wapi. Siku hizi watoto wa mtaa huniletea mimi karatasi za Kifaransa, na nikifika kwenye neno nisilolijua nasimama, nasema, "Hili silijui." Wanashangaa kidogo, basi, wanangoja nifungue kamusi. Ni maneno mawili tu. Baba angeyapokea bila shida. Ni mimi niliyeyaona mazito kuliko kichwa cha gari.