Pampu ya Maximilla, Kando ya Isiukhu

Mlio ulikuwa mmoja, mrefu, wa chini, kama wa mama anayebembeleza mtoto akiwa amefumba mdomo. Maximilla aliusikia kwa miaka ishirini na miwili. Siku kiwanda cha sukari kilipofungwa na mlio ukakoma, alishindwa hata kumaliza chai yake.

Yeye ndiye aliyeiangalia pampu iliyovuta maji ya mto Isiukhu na kuyapeleka kiwandani, na mji wa Mashineni ulizaliwa na maji hayo. Zilianza kuja laini za nyumba za wafanyakazi, kisha zahanati, kisha soko, kisha uwanja wa mpira ambapo timu ya kiwanda ilizichapa timu zote hadi za Lumakanda. Kiwanda kilipokufa, mji ulikaa kama mjane aliyeacha mlango wazi. Walioingia walikuwa wanafunzi. Chuo kikuu kilikuwa kimejaa kule Kakamega mjini, hosteli zikateremka hadi huku. Ghala la sukari likawa kanisa. Pale kwenye mzani wa miwa sasa ni steji ya bodaboda. Laini za wafanyakazi zilipakwa rangi ya samawati na kupangishwa, na Maximilla akatandika gunia lake la mrenda na lisutsa mbele ya geti la zamani, akawa anauza mboga.

Maji tu ndiyo hayakutosha. Wasichana wa chuo walipanga foleni kisimani na mitungi yao ya njano, wengine wakiwa bado na vitambaa vya kulalia kichwani.

Ndipo alipokuja Wanzala, injinia wa mradi wa maji, kijana wa Amalemba asiye na maneno mengi. Aliisafisha pampu kwa wiki mbili, akafunga mota mpya na beringi mpya, kisha akamfuata Maximilla gengeni.

"Mama, kesho tunaiwasha. Ikikubali, tunaibakiza, na wewe unarudi kuiangalia. Ikikataa tutaleta ya sola. Ile inajiwashanga na kujizima yenyewe. Haitaki mtu."

Asubuhi yake Maximilla alivaa ovaroli ya kiwanda, iliyobana sasa tumboni. Jescah, mke wa shemeji yake, aliyeuza omena kwenye gunia la pili, alimtazama juu hadi chini.

"Mke mwenzangu, leo ni harusi? Unaolewa na pampu?"

"Tulishaoana zamani. Narudi tu kwangu."

"Basi mwambie bwana huyo atuletee maji. Nimechoka kuosha samaki kwa mate."

Jambo moja Maximilla hakumwambia Jescah wala Wanzala: masikio yake yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilikufa kabisa, la kulia lilisikia nusu. Pampu ile ile aliyoipenda ndiyo iliyoyala.

Wanzala alibonyeza swichi. Sakafu ilitetemeka, bomba likakohoa matope, na baada ya dakika chache kelele za furaha zilipanda kutoka kwenye mfereji wa majaribio hapo nje, ambapo wasichana walikuwa wakingoja.

Maximilla alitoa bisibisi ndefu mfukoni. Mafundi wote wa kiwanda walifanya hivyo: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, ndipo mashine inasema yaliyo tumboni mwake. Lakini yeye aliuweka mpini katikati ya meno, akauma.

Wanzala alicheka. "Unaionja, Mama?"

Mlio ulipanda kwenye taya, ukaingia kichwani mzimamzima, ule ule wa zamani, na macho yake yakalowa. Kisha, chini ya mlio, akauhisi mkwaruzo kama wa mchanga. Kr. Kr. Kr. Aliwahi kuuhisi mara moja, mwaka ambao pampu ya pili ilipasuka na kipande cha chuma kikatoboa paa. Siku hiyo watu walikuwa wameenda kula. Beringi hizi zilikuwa mpya, kwa hiyo kilicholiwa ni shafti yenyewe, ule mhimili unaozunguka ndani, na shafti ya namna hii hakuna anayeichonga tena.

"Imetulia sana," Wanzala alisema, akimnyooshea ufunguo wa mlango. "Shika, Mama. Karibu tena kazini."

Ingeweza kwenda mwezi mmoja, labda miwili. Hakuna mwingine ambaye angejua. Maximilla aliutazama ufunguo, bado ukiwa na kile kibati chake cha zamani cha namba nne. Mlangoni msichana mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa chumba cha pampu, akinawa uso kwa maji ya mtungi wake.

Maximilla aliipangusa bisibisi kwenye ovaroli, akamvuta Wanzala mkono wa shati hadi akainama.

"Izime, mwanangu," alimnong'oneza. "Imechoka, na watoto wamesimama karibu."