Jeneza la Mlingoti

Mzee wetu wa Rungwe Mpya, yule mwenye msitu wa ukoo, ametutoka. Habari nilipewa na mnunuzi wa mbao wa Kasulu mjini, ambaye kwa huzuni kubwa alizipata kabla ya baadhi ya ndugu. Nilisikitika kweli, maana wachache wamewahi kunichekesha kama marehemu.

Msitu wake aliugawa pande mbili. Upande wa barabarani alipanda milingoti, miti ya mbao inayokua upesi, akaivuna na kuiuza bila haya. Ndiyo iliyosomesha watoto. Upande wa kijitoni, kwenye mininga mikubwa ambako sokwe hujenga viota, hakugusa kitu. Wanawe walinung'unika kwamba baba anawatunzia sokwe nyumba ilhali wajukuu wanalala chini ya paa la nyasi. Hakubishana nao. Alitundika mizinga ya magome kwenye kila mninga, akijua fika kwamba kwetu mti wenye mzinga haukatwi, hata ukiwa wa adui. Mingi haikuwa na nyuki hata mmoja. Bwana misitu mmoja, mgeni wa mkoa huu, akamwambia, "Mzee, mbona mizinga yenyewe mitupu?" Akajibiwa kwa upole, "Na ofisi yako huwa tupu wiki nzima, bwana, mbona tunaiheshimu?"

Msibani mnunuzi alikaa mbele, akitoa pole huku macho yakipanda mitini. Mtoto mkubwa, ambaye ni mwalimu, akasimama na kusema baba hastahili mbao za mlingoti. Ukatwe mninga mmoja tu wa kijitoni, azikwe kwa heshima. Wazee wakaafiki. Hata bwana misitu akaona ni wazo jema. Ndipo mjane akasema kutoka mkekani, "Bhana bhanje, wanangu, huu wa kwanza mnaukata kwa heshima ya baba yenu. Wa pili mtaukata kwa heshima ya nani?" Yule mwalimu akaketi. Mnunuzi akakumbuka ana safari ya Kibondo, akaondoka kabla ya chakula. Mzee tukamzika kwenye jeneza la mlingoti alioupanda mwenyewe.

Tumezoea kuilaumu tamaa, nayo ni rahisi kuitambua, kwani huja na msumeno mchana kweupe. Mimi sasa naziogopa zaidi sababu nzuri. Ada, mahari, heshima ya marehemu, kila moja huomba mti mmoja tu, na huomba kwa adabu. Mwenye msitu na apande mapema miti ya kukata. Kisha, kwa ile iliyobaki, ajifunze kuwanyima watu anaowapenda.