Kura ya punje za mahindi iliyotunyima boti

Wakuu salaam, na dada zangu wa humu ndani pia.

Juzi kwenye uzi mmoja jamaa aliandika kwamba watu wakishapanga wanachotaka, cha kwanza, cha pili, cha tatu, ukajumlisha pointi, basi hakuna aliyeonewa. Akapata likes za kutosha. Mimi niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo kwa hasira, sahani moja ikavunjika.

Leo nimetulia, nawasimulia. Ni mambo ya kwetu nyumbani, sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtoto wa bonde la Kilombero. Kijiji sikitaji, ila ukitoka Ifakara ukashika njia ya Mofu ujue unakikaribia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Kwa wasioijua Kilombero: kwetu mtu ana makazi mawili. Kuna nyumba ya kijijini, na kuna kibanda cha shambani, bondeni ng'ambo ya mto. Mvua zikianza mnahamia bondeni na masufuria na kuku, mnakaa huko mpaka mpunga uvunwe. Maji yakijaa, mto na bonde vinakuwa kitu kimoja, na usafiri ni mtumbwi tu.

Ila kiangazi mto ule ule unauvuka maji yakiwa magotini, viatu mkononi. Hilo lishikeni.

Mwaka huo ukaja mradi wa wafadhili. Walisema watatufanyia jambo moja, na wananchi tuchague wenyewe.

Mkutano ukafanyika kiangazi, baada ya mavuno, kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwa likizo, sekondari, nikaenda na dada yangu Skola.

Skola ndiye mkubwa wetu. Alikuwa ameolewa na shemeji Damasi, ana mtoto mmoja, Gasto, na alikuwa na mdomo. Nyumbani tulikuwa tunamwambia angezaliwa mwanaume angekuwa diwani.

Bwana mtaalamu wa mradi alikuwa kijana mpole tu, sina ugomvi naye hata leo. Mapendekezo yalikuwa mawili: boti ya injini ya kuvusha watu masika, au pampu ya maji kijijini. Tayari watu walianza kubishana. Kisha akageukia upande wa kanga.

"Kina mama, mbona kimya? Ninyi hamna shida?"

Wengine wakachekea kwenye kanga. Skola akasimama, mtoto mgongoni.

"Shida tunazo, baba. Mmesema boti, mmesema maji, sawa. Na kinu je? Tunalima sisi, tunavuna sisi, halafu tunatwanga mpaka mikono inachubuka. Mimi nasema mashine ya kukoboa nayo iandikwe."

Wakuu, makofi yaliyopigwa pale! Kuna bibi alipiga kigelegele. Mtaalamu akafurahi kuliko wote, akachora mashine kwenye kipande cha boksi, akakiweka chini pamoja na vile vya boti na pampu. Mama yetu alikuwa amekaa mbele yangu, nikaona anavyojikaza asitabasamu.

Utaratibu wa kuchagua ulikuwa hivi. Vitongoji vitano, kila kimoja kikae pembeni kikubaliane. Halafu mtu mmoja aje na punje za mahindi: unachokitaka zaidi unakiwekea punje tatu, cha pili mbili, cha mwisho moja.

Vitongoji vitatu, chetu kikiwemo, mashamba yetu yalikuwa ng'ambo. Sisi tuliweka boti kwanza, pampu ya pili, mashine ya mwisho. Skola mwenyewe alikubali kabisa boti iwe ya kwanza. Alitaka tu mashine isikike.

Vitongoji viwili vya kule juu barabarani hawalimi ng'ambo. Wao pampu kwanza, mashine ya pili, boti ya mwisho. Mmoja wao akasema kwa utani, "Boti ya nini, mto wenyewe mtu anavuka bila kukunja suruali!" Tukacheka wote, hata sisi wa ng'ambo. Jua lilikuwa kali, mto ulikuwa mchanga kuliko maji, nani angekumbuka masika?

Wakahesabu punje. Pampu kumi na mbili. Boti kumi na moja. Mashine saba.

Pampu ikashinda. Hakuna aliyelalamika, maana kila mtu aliona punje kwa macho yake. Shemeji Damasi alisema, "Ndiyo kura hiyo," tukaenda nyumbani.

Masika yaliyofuata Skola alikuwa bondeni na mimba kubwa. Mama alimsihi arudi kijijini mapema. Akasema mpunga umeshika, ndege ni wengi, akiondoka Damasi atabaki na nini. Alipanga kurudi wiki inayofuata.

Uchungu ukamkuta kule kule asubuhi, na damu ikaanza kutoka kabla ya wakati wake.

Haya niliyasikia kwa shemeji, nami nimeyarudia kichwani hadi naona kama nilikuwepo. Walimlaza kwenye mtumbwi, Damasi akashika upondo. Ila maji yalikuwa yamejaa, upondo haufiki chini. Unachoma maji unakuta hakuna kitu. Mtumbwi ukawa unapelekwa na mkondo tu, anaurudisha kwa kafi, unapelekwa tena.

Skola alikuwa anamtia moyo yeye! Anamwambia, "Baba Gasto, taratibu, tutafika." Huyo ndiye dada yangu.

Walifika upande wa pili jua likiwa limeanza kushuka. Jirani mmoja Msukuma aliwapokea na mkokoteni wa ng'ombe, akawaswaga ng'ombe kwenye tope mpaka barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali Ifakara. Gari lilipatikana. Skola alikuwa ameshafariki, na mtoto tumboni pia.

Niliitwa nyumbani kutoka shule, nikaambiwa mambo mengi, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba siku yake ilifika. Padre alisema vizuri sana kwenye mazishi. Mimi nakumbuka kitu kimoja: maji ya kumwogeshea yalichotwa kwenye ile pampu. Maji safi kweli. Nilimwona mama anaangalia ndoo.

Sasa twende chuo, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya tisini. Nasoma hesabu. Siku moja mhadhiri akaingia na mada ya namna ya kujumlisha chaguo za watu wengi. Akaandika A, B na C ubaoni.

Akasema, kwa njia ya pointi, C anaweza asishinde kabisa, lakini kwa kuingia tu akambadilisha mshindi kati ya A na B. Wanafunzi wakacheka, wakaona ni kiini macho.

Mimi sikucheka. Niliacha mfano wake nikaandika wa kwetu.

Toa mashine. Baki na boti na pampu peke yake. Vitongoji vitatu wanataka boti, viwili wanataka pampu. Boti inashinda, tatu kwa mbili, na mchana ule ule tunakwenda nyumbani tukiimba.

Rudisha mashine. Wale wa barabarani wanapata kitu cha kuweka katikati, boti inasukumwa chini kabisa kwao, inaambulia punje moja moja. Kwetu sisi pampu inabaki ya pili, inapata punje mbili mbili. Hakuna hata mmoja aliyebadili mawazo kuhusu boti na pampu. Hata mmoja! Na pampu inapita kwa punje moja.

Niliangalia lile daftari, nikahesabu tena. Mashine aliileta nani? Nikatoka darasani nikaenda kukaa nyuma ya bweni, nikalia kama mtoto.

Nawaambia ukweli, kwa muda fulani nilimkasirikia marehemu. Kwa nini hukukaa kimya kama wenzako, dada? Baadaye nikajionea aibu. Yeye alisema shida ya kweli ya wanawake wa kweli. Kosa ni la hesabu iliyochukua maneno yake mazuri ikayageuza kuwa jiwe la kumpiga mwenyewe.

Na kuna hili linaloniuma zaidi. Punje zinasema nini kinatangulia, hazisemi kwa uzito gani. Kwa watu wa barabarani pampu ilimaanisha kupunguza safari ya ndoo. Kwetu boti ilikuwa uhai. Wote punje tatu.

Ndiyo maana siku hizi nikikaa kwenye kamati yoyote, hata ya shule, kabla hatujapiga kura nauliza: kati yetu nani akikosa hiki hana njia nyingine? Wenzangu wananiona msumbufu. Poa tu.

Mama bado yupo, mzee sasa. Ndiye aliyemlea Gasto. Mashine ya kukoboa ilikuja miaka mingi baadaye, ya mtu binafsi, na kila nikienda likizo mama ananipitisha pale makusudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaisikia inavyonguruma? Hili wazo la dada yako. Alisimama mbele ya wanaume, wakampigia makofi."

Anamwambia kila mgeni. Na mimi naitikia, ndiyo mama, walimpigia.

Wakuu, uwanja ni wenu. Mnaojua hesabu hizi nikosoeni, waliopitia kama haya waseme, na yule jamaa wa likes kama yupo aje tuongee kistaarabu. Ushauri wowote napokea, ila mmoja naomba msinipe: msiniambie nimweleze mama. Yale makofi ndiyo aliyobaki nayo.