Mashine Iulize, Mtoto Aandike

Siku ya kwanza niliyoingia darasani kufundisha Kichina, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mimi mwenyewe nakijua. Nikamjibu, "Nakuzidi wewe kidogo, kaa chini!" Darasa zima likacheka. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia wa miaka mingi mkoani Iringa, ndiyo kwanza nimetoka kwenye mafunzo ya lugha, na nilikuwa na hamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Niwaambieni ukweli, walimu vijana, hamu ile haijaniisha hadi leo.

Kituo changu cha kwanza cha Kichina kilikuwa shule moja ya Mgololo. Kichina hakina alfabeti kama yetu. Maneno huandikwa kwa alama, na kila alama ina mikato yake ya kalamu inayofuata utaratibu: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Mkono haujui mpaka urudie, basi tukaandika na kuandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mkuu wa Shule wa pale, mama mkali kweli, alichungulia dirishani akasema, "Mwalimu, hawa wanachora au wanasoma?"

"Vyote viwili, Mkuu," nikamwambia, akaenda zake anatabasamu.

Baadaye nikahamishiwa Igawa. Huko ndiko nilikokutana na akili mnemba, yaani programu inayotunga maandishi ukiiomba. Tulikuwa na vishikwambi vichache, na changu nikakiunganisha na projekta. Mwe! Unaandika sentensi ya Kichina, inakujibu kwa Kichina papo hapo! Nilikuwa naongea na kile kishikwambi ofisini peke yangu, mpaka mwalimu wa Hesabu akaniuliza kama mimi ni mzima.

Mwanzoni niliwaachia wanafunzi waiombe mashine msaada wa insha kuhusu nyumbani kwao. Nilipokusanya kazi, kumbe kila mmoja ana bibi anayepika maandazi ya mvuke huku theluji inaanguka nje! Nikamwita Nyamizi, binti wa Kidato cha Tatu, ambaye wazazi wake ni wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka Usukumani.

"Nyamizi, theluji hii umeiona wapi?"

"Mimi sijaiona, madam. Imeiona mashine."

Nikabadilisha utaratibu. Niliipa mashine maelekezo: usiandike badala ya mwanafunzi, wewe uliza tu. Mtoto anaandika sentensi mbili kwa mkono, tunazipiga picha, mashine inamuuliza: mpunga mnavuna na nani? Maji ya mfereji yanatoka wapi? Naye lazima ajibu kwa kuandika tena. Weee! Walikuwa wanagombania kuulizwa. Kengele ya kwenda nyumbani inalia, hakuna anayeinuka.

Ubishi ulikuwa kwa Nyamizi. Kwao mtu haanzi na shida yake kabla hajamjulia hali mwenzake, na barua zake za Kichina zilikuwa hivyo hivyo: umeamkaje, wazazi wazima, watoto je, ng'ombe hawajambo, mvua imenyesha? Mashine ikamuuliza kwa nini asiende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Akaniita amenuna. "Madam, hii mashine haijalelewa." Nikamshauri apunguze walau kidogo. Hakupunguza hata neno.

Ndipo akaja Mthibiti Ubora wa Shule, yaani mkaguzi wetu. "Nasikia hapa mashine ndiyo inayosoma," akasema. "Kama watoto hawawezi kuandika wenyewe, nitapendekeza Kichina kifutwe muhula ujao." Watoto walikuwa wamelihangaikia somo hilo tangu Kidato cha Kwanza, na sasa wangefika Kidato cha Nne wanyimwe mtihani wake.

Akatupangia jaribio la kuandika bila mashine, na siku hiyo vishikwambi vikafungiwa ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mthibiti alikuwa amemwomba mhandisi mmoja Mchina, wa kazi za barabara, awe msomaji. Swali lilikuwa moja: mwandikie mgeni huyu barua, umweleze kwenu kukoje.

Wengine waliandika vizuri tu. Nyamizi, jamani! Muda uliisha ukurasa wake umejaa salamu tupu, na habari za kwao hajazigusa. Nilipomtafsiria Mthibiti, akatikisa kichwa. "Huyu hajajibu swali."

Mhandisi hakumsikiliza. Alisoma, akarudia kusoma. Akaomba kalamu, akaandika chini ya barua ile kwa muda mrefu, akamrudishia binti. Nyamizi akasimama, akatufasiria polepole.

"Anasema ameamka salama. Mama yake anaumwa magoti, ila anatembea. Ng'ombe hawana, wana bata. Mvua kwao imezidi. Na anauliza, ng'ombe wetu hawajambo?"

Akakaa hapo hapo, akaanza kumjibu, wala hakuomba ruhusa kwa mtu.

Mthibiti alimtazama mpaka akamaliza mstari wa tatu. "Mkuu wa Shule," akasema, "vipindi viendelee. Na vishikwambi vyao warudishiwe." Vigelegele vilivyopigwa! Mimi ndiye niliyeanza.

Nilistaafu kabla darasa lile halijamaliza, nikarudi nyumbani Iyunga. Majirani huniuliza kama mashine itawanyang'anya walimu kazi. Nawaambia mimi haikuninyang'anya kitu, iliniongezea watoto wenye la kusema, na ningeruhusiwa ningerudi kesho asubuhi.

Siku ya mtihani wao wa Kichina nilipanda basi hadi Igawa, nikasimama nje ya geti pamoja na wazazi. Mlango wa chumba cha mtihani ukafunguliwa. Nyamizi alitoka mbio, anapiga kelele tangu mbali, "Madam! Karatasi zimeniishia, nimeomba nyingine!"